Lori ni la bure, lakini usingizi sipati

Shangazi,

Salamu kutoka Busia, upande wa Uganda. Mimi ni mwanamume wa miaka 36, nina mke na watoto watatu, na riziki yangu naipata kwa kubadilisha pesa pale mpakani. Huu ni mwaka wa sita nikiwa mweka hazina wa mashabiki wa timu yetu ya hapa mjini. Timu yenyewe iko FUFA Big League, ngazi moja chini ya Ligi Kuu. Nakueleza hivyo kwa sababu ukisema wewe ni shabiki wa mpira, watu wanadhani unazungumzia timu za Uingereza za kutazama kibandani. Sisi timu yetu tunaigusa. Beki wetu wa kushoto ananyolewa kwenye kinyozi kile kile ninachonyolewa mimi. Akiamka na homa, kufikia mchana mtaa mzima unajua.

Nyumbani hatuna shida, watu wanajaa. Ugenini ndiko kwenye kazi. Vijana wetu wakiingia uwanja wa watu, wakatupa macho pembeni wakaona walau sura kumi wanazozijua na ngoma moja, hata kukimbia kwao kunabadilika. Nimeliona hilo mara nyingi, si la kuhadithiwa. Ndiyo maana tunasafiri.

Mwezi wa tatu tulikwenda mechi moja ya mbali. Taksi ya viti 14, sisi tulikuwa 21. Kondakta alitandika ubao kati ya viti, vijana wadogo wakakaa hapo. Kwenda tulikwenda salama, tukatoka sare. Kurudi ilikuwa usiku. Tulipoipita Kumi, kama saa 6 hivi, dereva akasinzia. Gari likatoka kwenye lami, likaingia majanini, likapanda kichuguu na kulala ubavu. Mungu ni mwema, hakuna aliyekufa. Lakini kijana mmoja wa kidato cha tatu aliyekaa kwenye ule ubao alivunjika mkono. Nilikesha naye hospitalini. Bili ilikuja shilingi 180,000 za Uganda, nikalipa. Viongozi wa klabu waliniambia nilete risiti nitarudishiwa. Risiti nilipeleka. Pesa sijaiona.

Shangazi, pesa ile ilikuwa karo ya binti yangu. Mke wangu nilimwambia klabu ndiyo iliyolipa.

Sasa mechi ya mwisho ya msimu ni Jumamosi ijayo, Lira. Tukishinda tunabaki. Tukifungwa tunashuka, tunarudi ligi ya kanda. Watu 43 wameandika majina na kila mmoja ametoa 15,000, kwa hiyo nimeshika 645,000 za watu. Nilipouliza bei, kosta, lile basi dogo, walitaka 1,300,000 kwa kwenda, kulala na kurudi. Taksi ya viti 14 kwa safari hiyo hiyo ni 600,000. Wenzangu wengi ni wa boda na wa kubeba mizigo, hawana cha kuongeza.

Juzi mwenyekiti wetu akaja mbio na habari njema. Amepata lori. Kuna mfanyabiashara anayepeleka saruji Lira kutoka Tororo Ijumaa usiku, na Jumamosi usiku lori linarudi tupu. Atatubeba bure, ila tumchangie mafuta 250,000. Kwenda tutakaa juu ya mifuko, wametuahidi turubai. Mwenyekiti akapiga hesabu mbele ya watu wote: zinabaki 395,000. Akasema, "Kwanza tumrudishie mweka hazina wetu zile 180,000 za hospitali, zinazobaki tununue ngoma mpya na jezi." Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Mke wangu aliposikia habari ya lori alisema neno moja tu: "Ukilipanda, usinipigie simu kutoka hospitalini." Tangu siku hiyo tunazungumza mambo ya chumvi na mafuta ya taa, basi.

Mama wa yule kijana hajanisemesha tangu mwezi wa tatu. Tunapishana sokoni kama watu wasiojuana. Halafu jana kijana mwenyewe kanifuata kazini, mkono bado umefungwa plasta, akaniomba nimwandike. Nilikuwa na kalamu mkononi. Daftari liko wazi, namba 44 haina jina, na usiku nimeshindwa kulala.

Nikikataa lori, watu watasema mimi ndiye niliyeishusha timu. Nikikubali, sijui. Niambie la kufanya.

Mweka hazina, Busia

* * *

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilishughulika na lori, kama ulivyotaka. Mara ya tatu nikakwama pale uliposema na wewe ulipiga makofi. Hapo ndipo nilipokuelewa.

Wewe unajua lori si salama. Umejua tangu neno la kwanza, maana wewe ndiye uliyemshika yule mtoto mkono usiku kule. Kinachokusumbua ni kwamba lori hilo hilo ndilo linalokulipa deni lako. Likienda, 180,000 zinarudi, karo ya binti inatimia kimyakimya, na uongo uliomwambia mama watoto unageuka kuwa kama haukuwahi kusemwa. Mwenyekiti wako sidhani alikusudia mabaya, alitaka kukutendea haki mbele ya watu. Lakini amekufunga. Sasa kila ukitaka kusema hapana, kuna sauti inakuambia, na pesa yako je?

Kwa hiyo kabla hujasema lolote juu ya magari, toa pesa yako kwenye safari hii. Mwambie mwenyekiti, mbele ya wale wale waliopiga makofi, kwamba deni lako ni la klabu na utalidai klabuni. Liandikie barua, ambatisha nakala ya risiti, mpe katibu, na akuwekee sahihi kwamba amepokea. Huenda ikachukua muda. Huenda wakakulipa nusu. Hata hivyo kinywa chako kitakuwa huru kusema, na huo uhuru unauhitaji wiki hii kuliko pesa.

Sasa tuje kwenye lori. Jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa nini ili nawe uwaeleze.

Marehemu mume wangu aliendesha mabasi miaka 22, na kabla ya hapo alikuwa tandiboi, yaani utingo, wa malori. Alikuwa akisema mzigo unaoogopesha ni ule ulio kimya. Saruji ni nzito na iko kimya. Ukikaa juu yake umekaa juu kabisa ya lori, huna cha kushika ila kamba, na mifuko ikisogea kidogo tu kwenye kona hakuna mtu wa kuirudisha. Turubai litawakinga mvua, na huu mwezi wa tano mvua mnaijua, lakini chini ya turubai watu 43 hawaoni barabara, hawamwoni dereva, na dereva hawasikii. Mtu akianguka nyuma usiku, atajulikana hayupo mkifika Soroti.

Zaidi ya hapo, sheria ya barabarani haiwaruhusu kusafiri hivyo. Lori la mizigo halina leseni ya abiria. Kati ya Tororo na Lira mtapita Mbale, Kumi, Soroti na Dokolo, na njia nzima ina askari wa trafiki. Akiwashusha mmoja tu, mechi mtaisikilizia kituoni. Na bima aliyokata mwenye lori aliikata kwa gari la saruji. Mtu akiumia usiitegemee, bili itakuja tena kwako, kama ile ya mwezi wa tatu.

Wakikuambia, "Tumepanda malori maisha yetu yote," wakumbushe Krismasi ya mwaka 2016. Wachezaji na mashabiki wa timu ya kijiji walipanda mashua Ziwa Albert kwenda mechi ya kirafiki upande wa Hoima. Walikuwa watu 45 hivi ndani ya mashua moja, wanaimba, wanapuliza vuvuzela. Polisi walisema ilikuwa imejazwa kupita kiasi na ikaelemewa upande mmoja. Ziwa lilikuwa limetulia siku ile. Wengi hawakurudi. Ilikuwa mechi ya kirafiki, mwanangu, hata pointi hazikuwapo, na watu wale walikuwa na furaha kama mliyo nayo ninyi. Kila nikiona vijana wamejazana wakiimba garini nawakumbuka wale, ambao hata sikuwajua.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa sijakusaidia, kwa sababu gari lililolala ubavu mwezi wa tatu halikuwa lori. Ilikuwa taksi, na mngeweza kuwa 14 kamili, kila mtu na kiti chake, na bado dereva angesinzia. Kilichowaangusha ni saa. Watu wa timu ndogo mnapanga safari kuanzia kwenda: tutatoka saa ngapi, tutafika saa ngapi, kipenga kitapigwa saa ngapi. Kurudi mnasema tutajua huko huko. Mimi nataka uipange safari hii kuanzia mlango wa nyumba yako, kinyumenyume.

Hesabu pamoja nami. Mechi ni saa 10 alasiri, maana viwanja vyetu vingi havina taa. Mpira utakwisha saa 12 kasoro dakika chache. Mkisalimiana na wachezaji, mkamtafuta mmoja aliyepotea, mkanunua maji, saa 12 na nusu imefika. Saa 1 jua halipo. Kutoka Lira hadi Busia kwa njia ya Soroti na Mbale ni kama kilomita 300. Maana yake giza litawakuta hata Dokolo hamjafika, na barabara yote iliyobaki mtaipita usiku: malori yaliyoharibika bila taa, baiskeli, ng'ombe waliolala kwenye lami kwa sababu ina joto. Na dereva wenu aliamka alfajiri kuwaleta.

Halafu mna ukarimu mmoja ambao ni hatari. Mkifika uwanjani mnamwonea huruma dereva, mnamkatia tiketi, mnamwingiza atazame mechi. Anasimama juani dakika 90, anapiga kelele, timu ikishinda mnamnunulia na chupa. Mwanangu, dereva hatazami mechi. Dereva analala. Mtafutieni kivuli, mkeka na chakula, na mtu mmoja azuie watoto wasipige ngoma karibu na gari. Hilo peke yake lingeuokoa mkono wa yule kijana.

Mume wangu alipokuwa akipita njia za Teso, akifika Soroti alikuwa anashuka na kulizunguka basi akipiga kila tairi kwa kiganja. Abiria walimsifu, dereva mwangalifu huyu, anakagua upepo. Alipostaafu ndipo aliponiambia ukweli. Tairi huwezi kuzijua kwa kiganja. Alikuwa anajiamsha. Na alinifundisha dalili, nami nakupa wewe. Dereva mwenye usingizi ananyamaza ghafla, wakati alikuwa akizungumza. Anafungua dirisha, analifunga, analifungua tena. Anasugua sikio au shingo. Anabadilisha gia akiwa amechelewa, mpaka unasikia injini inalalamika. Ukiona mawili kati ya hayo, mwambie unataka kukojoa. Hakuna dereva anayekataa hilo, na haoni aibu. Mkishuka, mwache atembee, au alale robo saa huku ninyi mmesimama nje. Kiti cha mbele akae mtu mzima asiyelewa, kazi yake iwe kuzungumza na dereva, si kutazama simu.

Basi, nini kifanyike Jumamosi hii? Una 645,000. Taksi inayolala ni 600,000. Waende 14.

Najua unaliona neno hilo kama kisu, maana watu 29 watabaki. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba vijana wenu uwanjani wanahitaji sura kumi na ngoma moja. Hukusema 43.

Itisha kikao, kesho ikiwezekana. Nenda na pesa yote na daftari. Jambo la kwanza kabla ya maneno mengine: kila anayetaka 15,000 zake apewe palepale, atie sahihi mbele ya jina lake. Mtu akishapewa pesa yake mkononi hasira hupungua, na atakayesema umekula atakuwa hana pa kuanzia. Kisha waambie mpango. Taksi moja, watu 14, kwenda alfajiri ya Jumamosi, kulala Lira, kurudi Jumapili mwanga ukiwa umetoka. Gari likigawanywa kwa 14 ni karibu 43,000 kila mmoja, na kitanda juu yake. Wenye uwezo huo waandike upya. Asiye nao lakini timu inamhitaji, kama mpiga ngoma wenu, wale 29 wakipenda wamchangie. Nadhani utashangaa ni wangapi watakaosema, acha 15,000 yangu humo. Wasiposema, usiwalaumu. Mtu wa boda ana siku zake.

Wakizidi 14, pigeni kura ya vikaratasi kwenye kofia, mbele ya wote. Usichague wewe. Na usikubali wa 15. Kondakta atakuambia mmoja tu mwembamba, ataleta ule ubao. Mwambie ubao ubaki Busia, na muulize bei kabla kwa kiti, si kwa watu watakaoingia.

Mwenyekiti akitaka kwenda na lori na wengine wakamfuata, huwezi kuwafunga kamba. Lakini pesa iliyo mkononi mwako isilipie mafuta ya lori hilo hata shilingi. Hilo liko katika uwezo wako, na ndilo nitakalokudai.

Kuhusu kulala. Mtafute kwa simu kiongozi wa mashabiki wa timu ya Lira, leo, msingoje Jumamosi. Kila timu ndogo ina mtu kama wewe, mwenye daftari, na mtu kama wewe hujua nyumba ya wageni iliyo safi na ya bei nafuu karibu na uwanja, na upande gani wa uwanja wageni wakae. Timu mwenyeji ndiyo yenye wajibu wa ulinzi, lakini afadhali mlinzi akuone kama mgeni aliyepiga hodi kuliko sauti iliyoingia na ngoma. Kiswahili kitawavusha, na mkijifunza salamu mbili za Kilango, lugha ya huko, itakuwa bora zaidi. Mkiwa na nafasi asubuhi, waulizeni wazee wa huko habari za John Akii-Bua, mwana wa nchi hiyo ya Lango. Mimi nilikuwa msichana mdogo mwaka 1972 aliposhinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi huko Munich, sekunde 47.82, rekodi ya dunia, naye alipangiwa njia ya ndani kabisa ambayo wakimbiaji hawaipendi. Baba yangu alilia mbele ya redio. Mzee wa Lira ukimtajia jina hilo kwa heshima atakupa kiti.

Mkishinda, kaeni pale mlipo mpaka wenyeji wapungue. Imbeni kwenye taksi, si kwenye stendi. Jezi mzivae ndani ya koti mkienda kutafuta chakula. Mkifungwa, hali ni nyepesi zaidi kwa usalama na nzito kwa moyo, na hapo kulala kutawasaidia, maana watu waliofungwa ndio wanaomwambia dereva kanyaga twende nyumbani.

Na wakisema wewe ndiye uliyeishusha timu? Watasema siku mbili tatu, nakubali, na itauma, kwa sababu unaipenda timu hiyo kuliko wengi wao. Lakini fikiria na hili. Mkishuka, ligi ya kanda ya Mashariki ina safari mnazoziweza. Mbale kutoka kwenu haifiki kilomita 100. Mtakwenda asubuhi na kurudi jua likiwaka, na wale 29 wote watapata nafasi. Nimewahi kuona timu ikishuka na mashabiki wake wakaongezeka, kwa sababu ugenini palikuwa karibu.

Sasa mama watoto. Hili lifanye kabla ya kikao, usiku wa leo watoto wakishalala. Mwambie zile 180,000 zilikuwa za karo. Mwambie ulimdanganya na ulidanganya kwa sababu gani, usizungukezunguke. Mwanamke anayesema "usinipigie simu kutoka hospitalini" ni mwanamke aliyekwisha kukaa usiku mmoja akiingojea simu hiyo. Hasira yake ya kweli ni kwamba unabeba mambo peke yako na yeye anayapata kwa kunusa. Labda atanyamaza siku mbili. Mpe hizo siku. Kisha nendeni wote wawili kwa mwalimu mkuu kabla muhula haujafunguliwa, mpeleke mlicho nacho, mwombe kulipa kwa awamu. Shule nyingi hukubali mzazi akija mwenyewe mapema, zinachokataa ni mzazi anayejificha. Na akikubali uende Lira kwa moyo mkunjufu, utasafiri vizuri. Asipokubali, jina lako lisiingie kwenye kofia safari hii. Mweka hazina anaweza kuipeleka timu ya mashabiki bila kupanda gari.

Nimebakiza mama wa yule kijana. Unasema mnapishana sokoni kama msiojuana. Wewe ndiye wa kusimama. Nenda nyumbani kwake mchana, chukua kilo ya sukari kama desturi ilivyo, kaa chini hata kama hajakukaribisha vizuri. Usimweleze habari za dereva. Mwambie, mama, mwanao nilimkalisha kwenye ubao, na sikupaswa. Halafu nyamaza umsikilize, hata akisema maneno makali. Ulikesha na mwanawe, hilo analijua. Ambalo hajalisikia bado ni hilo neno.

Kijana haendi. Namba 44 usiiandike, na kuanzia sasa mwanafunzi asiandikwe bila mzazi kuja kutia sahihi. Lakini usimrudishe kwa hapana tupu, mtoto aliyevunjika mkono kwa ajili ya timu na bado anaitaka. Mpe kazi. Wale watakaobaki Busia watakaa mahali pamoja Jumamosi kungoja habari, na watahitaji mtu wa kuwatangazia. Awe yeye. Bao likiingia Lira, lao au lenu, simu ya kwanza ipigwe kwake, na kama hana simu yake, ipigwe kwenye simu ya mama yake.

Shangazi